Sahihi ya Mlezi

Mwalimu wa hesabu aliingia darasani saa moja na nusu, akaweka vitabu mezani, akakuta ubao umeshajaa. Mwandiko ulikuwa wake mwenyewe, ule wa kulalia kushoto. Maneno pia yalikuwa yake: ndiyo aliyomtumia dada yake kwa simu jana jioni, akimsimulia vituko vya watu wa nchi hii aliyokuja kufundisha. Tofauti ilikuwa moja. Yeye aliandika kwa lugha ya kwao. Ubaoni yalikuwa kwa lugha ya wenyeji, yamenyooka bila kosa, ingawa mwenyewe, mwezi wa nne sasa, alikuwa bado anakwamakwama hata akinunua nyanya.

Wanafunzi hawakuuliza kitu. Katika darasa lile kilichoandikwa ubaoni hunakiliwa kwanza, maswali baadaye, na aliyelikazania hilo kwa ukali alikuwa yeye. Walipiga mstari wa pambizo, wakaandika tarehe, wakanakili:

"Mama mwenye nyumba wangu ana kikombe kimoja tu chenye mkono. Vingine vyote vilema. Anaingia chumbani bila hodi kuniuliza kama nimeshiba, utadhani anafuga ndama."

Mjukuu wa huyo mama alikaa dawati la mbele. Alinakili mpaka mwisho, akanyoosha kidole.

"Mwalimu, tuache nafasi ya jibu?"

"Hakuna jibu," alisema mwalimu, masikio yakiwaka moto.

Mwalimu mkuu alipoelezwa alisema ubao ule ndiyo tabia yake. Mwalimu mgeni aliyetangulia, ubao ulimwanika hivyohivyo mpaka mkataba wake ukaisha. "Wewe angalau mwandiko wako unasomeka," alimfariji.

Kila daftari pale hurudi nyumbani likatiwe sahihi na mlezi. Jioni mwalimu alikaa sebuleni, kwenye kiti alichowekewa mto wa ziada kwa ajili ya mgongo wake, akamtazama mama mwenye nyumba akivaa miwani. Mama alisoma kwa kufuatisha kidole, midomo ikicheza. Mwalimu alitamani ardhi ipasuke immeze. Shukrani ya punda ni mateke, na punda mwenyewe alikuwa ameketi juu ya mto wa watu.

Mama alitia sahihi. Akaenda jikoni, akarudi na chai katika kile kikombe chenye mkono. Yeye na mjukuu wake walishika vya kwao kwa ncha za vidole, wakivihamisha mkono huu na huu kwa sababu viliunguza.

"Kunywa, mwanangu, isipoe."

"Ahsante, mama."

Kesho yake mama alibisha hodi. Alisimama nje ya mlango mpaka alipojibiwa, ndipo akauliza kama ameshiba. Hilo lilimuuma mwalimu kuliko tusi, akaapa hataandika tena.

Kiapo kilidumu siku tatu. Dada yake alikuwa na kawaida ya kuwasomea majirani zile habari, wakavunjika mbavu, na ukimya haukumpendeza. "Vipi, umeshakuwa mwenyeji? Vituko vimeisha?" Mwalimu hakutaka kuonekana amepoa. Alitafuta kitu kidogo kisichomdhuru mtu, akaandika kuhusu ile sahihi: kuku kakanyaga wino, katimua mbio. Alicheka peke yake alipoituma.

Asubuhi ilikuwa ubaoni. Aliwahi ili aifute, lakini wanafunzi wake walikuwa wamewahi zaidi, na wengi walikuwa wamekwishamaliza kunakili.

Jioni ile mama alisoma, akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni, akasoma tena. Hakutia sahihi papo hapo. Alichukua gazeti la zamani akaijaribu pembeni, polepole, mara moja, mara ya pili, mpaka ya nne, ncha ya ulimi ikichungulia. Ndipo akaiweka daftarini, akamgeuzia mwalimu.

"Wewe ndiye msomi, mwanangu. Hii imekaa vizuri?"

Mwalimu aliitazama. Mistari ilitetemeka kidogo, lakini kila herufi ilisimama mahali pake. Aliona aibu mpaka macho yakamuuma.

"Imekaa vizuri, mama."

Simu yake ilitikisika mfukoni. Alikuwa dada yake, kacheka mpaka kalia, anaomba nyingine. Mama hakuwa ameridhika. Alikuwa ameshalivuta tena gazeti, anajaribu ya tano.