Pilau ya Wenyeviti Watatu

Wanaume waliotaka kuiangusha serikali ya Khartoum walikuja kwangu Hilliard, pembeni mwa jiji la Columbus, Marekani, Jumamosi moja ya Februari 2016, nikawapikia pilau. Mimi ni mtu wa Tanga. Siasa za Sudan nimeolewa nazo. Mume wangu Muzammil ni Msudani, tulikutana Nairobi alipokuwa mkimbizi, na Kiswahili chake hadi leo ni cha Eastleigh.

Muungano wao wa upinzani ulikuwa na matawi matatu: Louisville, Buffalo na hapa kwetu Columbus, ambako mwenyekiti alikuwa mume wangu. Ukiwakusanya wote hawajazi basi la shule, lakini kila tawi lilikuwa na mwenyekiti, na kila mwenyekiti alijiona ndiye wa wote. Ningecheka, kama shemeji yangu Nizar asingekuwa gerezani.

Nizar, mdogo wake Muzammil, alikamatwa Omdurman akigawa vipeperushi vya muungano huohuo. Ana kisukari, na askari hawakuwa wakimpa sindano zake. Afisa mmoja wa Washington alikubali kupokea ujumbe wao Jumatatu ili aliulizie suala lake, kwa sharti kwamba waje na msemaji mmoja. Mara ya kwanza walimwendea wasemaji watatu, wakagombana mbele yake.

Kwa hiyo niliandaa sinia moja tu. Kwetu Tanga na kwao Omdurman, watu wakishatia mikono kwenye sinia moja, ni vigumu kunyanyuka hapo na kuanza kutukanana. Nsimire, jirani yangu Mkongo, aliniazima sufuria yake kubwa.

"Donc, hii chakula yote ni ya ba président ngapi?" akauliza.

"Watatu," nikamjibu, naye akacheka hadi akashika ukuta.

Ustadh Babikir akaja na watu wake kutoka Louisville, Bwana Siddig na wake kutoka Buffalo. Walikumbatiana vizuri. Nikatandika mkeka sebuleni, nikaweka sinia katikati, Muzammil akasema bismillahi. Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Shemeji," Ustadh Babikir akaniambia kwa adabu zote, "sisi wa Louisville tupakulie kando. Mtu aliyekwenda kuzungumza na serikali ile, mimi siwezi kula naye."

Alikuwa anamsema Siddig. Siddig naye akainuka. "Basi na sisi tupakulie kando."

Damu ilinichemka. "Nizar anakufa kwa kukosa sindano, nanyi mnaniomba sahani?"

"Mama Rayan," mume wangu akasema taratibu, "wapakulie tu."

Nikawapakulia. Louisville wakala jikoni, Buffalo wakala kwenye makochi, na Muzammil akabaki mkekani peke yake mbele ya sinia. Alifinyanga tonge, akalirudisha. Nilimwonea huruma hadi nikashindwa kumtazama.

Baada ya chakula walibishana. Babikir hakumtaka Siddig, Siddig hakumtaka Babikir, na Muzammil wakamkataa wote wawili, ati ndugu wa mfungwa ana maslahi yake. Hapo nikajua imekwisha. Wakaondoka mapema kwa kuogopa theluji, kila mmoja akiisifu pilau yangu, na hakuna hata mmoja aliyekubali kwenda nyuma ya mwenzake.

Magari yao yalikuwa hayajatoka mtaani, simu ikalia. Alikuwa mama mkwe, kutoka Omdurman. Kwao ulikuwa usiku, lakini hakuwa amelala, alikuwa anasubiri. Kiarabu changu ni cha madrasa, lakini swali lake nililielewa: wamekubaliana?

Muzammil akanitazama. Nikatikisa kichwa, nikamnong'oneza asimdanganye mama yake.

"Wamekubaliana, Mama," akasema.

Mama mkwe akapiga kigelegele. Akapiga kingine. Nikasikia mlango unafunguliwa kule, wanawake wanauliza, kisha majirani wakaanza kumwitikia, nyumba kwa nyumba. Tulikaa pale mkekani, simu katikati yetu, tukiusikiliza mtaa mzima ukimshangilia Nizar, ambaye Jumatatu hakuna aliyekuwa anakwenda kumsemea.