Doa la Pili la Bi Khairiya

"Tangazo! Tangazo! Kwa mamlaka niliyojipa mwenyewe, na baada ya kushauriana na nafsi yangu na kuafikiana nayo kwa kauli moja, natangaza kwamba kesho asubuhi, hapo madrasani, ngozi zote za wazee wa Pate zitakaguliwa. Kila mwenye doa, baka au chunjua na afike bila visingizio. Watoro..."

Kandambili ikampiga kifuani kabla hajafika kwenye adhabu za watoro.

"Shuka barazani, shetani mkubwa we!" alisema bibi yake, Bi Khairiya. "Umewatawanya kuku wangu wote."

Taufiq alishuka kwa heshima zote, kanga ya bibi ikiwa bado mabegani kama joho la mwalimu mkuu. Alikuwa amerudi likizo kutoka shule ya bweni huko bara, na huko alikuwa amejifunza mambo mawili barabara: kusema uongo kwa sauti ya hotuba, na kutokukamatwa. Lakini tangazo lenyewe lilikuwa kweli. Daktari wa ngozi, Daktari Rawiya, alikuwa anakuja kutoka Mombasa na kifaa chake cha kuangalia madoa.

"Utakwenda, bibi?"

"Nende nikafanyeni? Ngozi yangu safi."

Alilijibu hilo upesi mno. Taufiq hakulitia maanani. Wala hakuyatia maanani mengine aliyoyaona tangu arudi: kwamba bibi yake sasa anavaa soksi kaskazi hii ya kuunguza, kwamba hataki tena kukandwa miguu, kwamba wanawake wakisali jamaa, yeye aliyezoea safu ya mbele amehamia ya nyuma kabisa, mahali ambapo akisujudu hakuna atakayeziona nyayo zake.

Aliloliona Taufiq ni bakuli. Shangazi yake Lubna alikuwa ameolewa majuzi, na piko iliyobaki baada ya kupambwa bibi harusi ilikuwa bado jikoni, nyeusi kama lami. Adhuhuri, Bi Khairiya alijilaza kitandani ukumbini, akavua soksi kwa sababu ya joto, akalala. Mguu mmoja ulining'inia nje. Taufiq alichovya kidole, akapiga magoti kwa unyenyekevu mkubwa, akamtia doa moja kisiginoni. Hakuitazama sehemu nyingine ya wayo. Msanii hutazama kazi yake tu.

Jioni, bibi alipokuwa akitawadha, Lubna aliliona lile doa la kisiginoni, akapiga kelele, na asubuhi Bi Khairiya akapelekwa madrasani kwa nguvu za mabinti na machozi yao. Taufiq alifuata, kicheko kimembana mbavu.

Daktari Rawiya alikuwa mama mpole mwenye macho yaliyochoka. Nje foleni ilikuwa imefika kisimani. Alimweka Bi Khairiya kwenye mkeka, akapaka wayo jeli, akakibandika kile kifaa juu ya ngozi. Kilikuwa lenzi yenye taa, imefungwa kwenye simu, na kwenye kioo cha simu wayo wa bibi ukageuka shamba lililolimwa: matuta na mifereji, matuta na mifereji.

"Rangi ikilala mferejini, mara nyingi ni heri," alisema daktari. "Ikipanda tutani, mimi hukosa usingizi."

Kisiginoni rangi ilikuwa imepanda tutani. Daktari akainama karibu zaidi. Akakisogeza kifaa mbele, chini ya kidole gumba, kikasimama tena.

Kicheko cha Taufiq kikafa. Kulikuwa na doa la pili. Lilikuwa kubwa kuliko lake, kingo zake zimeraruka, upande mmoja mweusi, mwingine wa kijivu, nalo pia limekaa juu ya matuta.

"Bi, mumetia piko?"

Daktari akachukua wembe mdogo, akakikwangua kisigino taratibu. Weusi ukatoka pamoja na ngozi kavu.

"Alhamdulillahi!" Daktari alicheka kwa kutua mzigo. "Piko huiga saratani ya ngozi, ikamhadaa hata daktari. Hebu na hili jingine."

Bi Khairiya akauvuta mguu. "Hilo laniuma. Ni piko vilevile. Nalikanyaga bakuli la harusi. Yote mawili ni piko."

Daktari alitazama foleni, akamtazama ajuza, akageuka kutafuta pamba mkobani. Ndipo Bi Khairiya alipomshika Taufiq mkono, akamnong'oneza bila kumtazama:

"Nalikuwa mato, sikulala, uliponitia, mwanangu. Nalikuwacha makusudi. Nyamaza, nami tanyamaza. Dada yangu alipelekwa Mombasa na kidonda cha mguu, akarejeshwa na sanda."

Taufiq alielewa kwamba mzaha wake umegeuzwa pazia, na nyuma ya pazia kuna kitu kimekaa muda mrefu, kinangoja.

"Basi," alisema daktari akirudi. "Piko hufutika ngozi inapojibadilisha. Doa lisipofutika, nitakuja tena baada ya Ramadhani. Anayefuata!"

Taufiq alimwinua bibi yake. Daktari akamshika Taufiq kiganja.

"Ngoja, kijana. Wanaume wa Pate tangu lini wanatia piko?"

Ncha ya kidole chake ilikuwa nyeusi tii. Lubna akaguta, "Ewe mlaaniwa! Ni wewe!"

Njia ya kutokea ilikuwa wazi kabisa. Angesema tu, "Nilitia yote mawili," wangemtukana hadi jioni, wangecheka hadi Idi, na bibi angerudi kwenye soksi zake. Bi Khairiya alimtazama. Alikuwa anamsihi. Taufiq hakuwahi kuombwa kitu na bibi yake.

Alijaribu kuitafuta ile sauti ya hotuba. Haikuja.

"Ni mimi, daktari," alisema. "Nilimtia piko akiwa amelala. La kisiginoni."

"Na hili la mbele?"

"Nilitia moja tu."

Daktari Rawiya akaiweka pamba chini, akaiwasha tena taa ya kile kifaa.