Kiganja cha Bibi

Kijiko kiligonga kikombe, ti, ti, kabla hakujapambazuka. Binti yangu alikuwa akimnywesha mwanawe maziwa yake aliyoyakamua. Mtoto alikuwa na siku tisa, akinyonya kidogo tu anachoka na kulala.

"Leo twende kwa nesi," nikasema.

"Mama, si ulisema mwenyewe?"

Nilisema, kweli. Siku aliyozaliwa, nesi alikifungua kiganja chake tukaona mstari mmoja uliokatiza. Akatuonyesha macho yaliyopanda pembeni, na shingo iliyolegea kupita kawaida. Huenda ana sindromu ya Down, hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha kukua na kusema, akasema. Damu ndiyo itakayojibu, na moyo lazima upimwe. Binti yangu akalia sana. Nami kwa huruma nikamfunulia mkono wangu wa kushoto. "Hata mimi nina mstari mmoja. Kanirithi mimi."

Akafuta machozi, akakataa vipimo. "Bibi yake ana mstari huohuo na hajashindwa maneno hata siku moja!"

Sasa nikashika taa. Asubuhi ya baridi, na paji la mtoto linatiririka jasho kwa vijiko vinne tu.

"Mwanangu, mtoto si kiganja. Tazama, mkono wangu wa kulia una mistari kama ya watu wote. Moyo wake mimi siujui."

"Kwa hiyo ulinidanganya?"

"Nilikubembeleza, nikapitiliza."

Alikiweka kijiko chini. Kisha akatafuta shali ya mtoto.

Nesi hakusema "niliwaambia." Alisugua mikono yake ikapata joto ndipo akamgusa. "Bosi umechelewa kazini," akamwambia mtoto, akamtoa damu. Daktari akautazama moyo kwenye kioo cha mashine: una tundu. Akatoa dawa, akasema tumewahi.

Majibu ya damu yalichukua wiki tatu. Nesi aliyaleta mwenyewe nyumbani, akaketi nasi mkekani.

"Anayo," akasema.

Binti yangu aliinama juu ya mtoto. Nilihesabu pumzi za binti yangu, nikaogopa kusema neno. Maneno yangu yalishatuponza.

"Haya," akasema mwishowe. "Nionyeshe basi namna ya kumnyonyesha."

Nesi akamwonyesha jinsi ya kukishika kidevu kwa vidole viwili. Mtoto akanyonya, akapumzika, akarudia.

Nesi alipovaa viatu, binti yangu akamfuata mlangoni, mtoto kifuani.

"Dada, Ijumaa upite tena. Bosi atakuulizia."