Maziwa ya Kalolaine

Doa lilikuwa dogo kama kifungo, upande wa kushoto wa blauzi yake ya buluu. Tulikuwa wanawake saba, tumekaa sakafuni katika nyumba ya kusukia, majani ya mkadi yametapakaa miguuni petu, tukisuka mkeka wa harusi ya binti wa mchungaji. Kalolaine mwenyewe hakuliona. Lilitanuka polepole, na mmoja baada ya mwingine tukaacha kuzungumza. Alipoinua uso kuuliza kulikoni, akafuata macho yetu yalikoelekea. Akavuta ncha ya mkeka akajifunika kifua, akasema amemwagikiwa na maji ya dafu.

Hapakuwa na dafu nyumbani mle.

Mumewe, Siosaia, alikuwa Australia akichuma machungwa, na miezi saba ilikuwa imepita tangu tumsindikize gatini. Kila mmoja wetu alihesabu kwa vidole, nami nikiwamo, sijivunii. Hesabu ilikataa kukaa sawa. Kama mimba ni ya mumewe, tumbo liko wapi? Kama si mimba, maziwa yametoka wapi? Lakini ulimi hausubiri hesabu ikamilike. Kufikia Jumapili, watu walipokuwa wakifunua majiko ya ardhini na harufu ya majimbi na tui ikitanda kijijini, kisiwa kizima kilikuwa kimeshamtafutia Kalolaine mwanamume, ila jina lake tu ndilo lililokuwa halijapatikana.

Baadaye sana ndipo aliponieleza yale yaliyokuwa yakipita moyoni mwake. Alikuwa amekwenda zahanati, nesi akampima mara mbili, mara zote akamwambia hana mimba. Alirudi nyumbani akiwa na jibu hilo mkononi kama ufunguo wa mlango usiokuwepo. Hedhi ilikuwa imekoma hata kabla Siosaia hajaondoka. Aliichukulia kuwa ni huzuni ya kuagana. Kichwa kilikuwa kikimgonga kila adhuhuri hata ikabidi alale, na alipoamka hakujua amelala saa moja au tatu. Hapo ndipo hofu ilipompata. Vipi kama katika usingizi ule kulikuwa na jambo lililomtokea asilolijua? Alikagua kitasa cha mlango. Alikagua mapaja yake. Alijaribu kuikumbuka miezi saba siku kwa siku, na kila alipokosa kukumbuka siku moja, aliiona siku hiyo ndiyo. Mwili wake ulikuwa umesimama kutoa ushahidi dhidi yake, naye hakuwa na shahidi mwingine.

Kisha akaja Lesieli, dada mkubwa wa Siosaia. Kwetu dada wa mume si mtu wa kupuuzwa. Akisema watoto wa kaka yake waitwe hivi, wataitwa hivyo, na akisema mke aondoke, kuna wachache wa kumjibu. Yeye ndiye aliyewahi kusema mbele za watu, katika mwaka wa tatu wa ndoa ile bila mtoto, kwamba kaka yake amepanda muhogo juu ya jabali. Aliingia mchana, akaketi, akakunja mikono.

"Wifi, sikuja kupiga kelele," alisema. "Nitauliza mara moja tu. Ya nani?"

"Sijui."

Lesieli alikuwa amejiandaa kwa kiapo au kwa machozi. Hilo hakulitazamia. "Hujui ni ya nani?"

"Sijui kama ipo. Nesi anasema hakuna kitu, titi linasema kipo. Nimsadiki nani, wifi? Niambie wewe, maana mimi hata nafsi yangu siiamini tena."

Lesieli alimkodolea macho kwa muda. Akasema atarudi, akainuka. Kalolaine naye akainuka kumsindikiza, na bega lake la kulia likagonga nguzo ya mlango kwa kishindo. Akasugua bega bila kushangaa, kama mtu aliyekwisha kuzoea.

"Mlango huu umeupita miaka minne," Lesieli alisema.

"Siku hizi vitu vinanijia kutoka pembeni."

Lesieli alimshika kidevu, akamgeuzia uso kwenye mwanga. Aliona nini, hajapata kutuambia. Alisema tu kwamba keshokutwa kuna meli ya kwenda mji mkuu, Nukualofa, na watakuwamo wote wawili: kama ni uongo, daktari atauumbua, na kama ni ugonjwa, atautafuta.

Daktari alikuwa binti mwembamba aliyesomea Fiji. Aliuliza mambo ambayo hakuna aliyekuwa ameyauliza: kichwa kinauma wapi, hedhi ilikoma lini, macho je? Alisimama mbele ya Kalolaine, akanyoosha mikono yake miwili pembeni, akachezesha vidole, akamwuliza anaviona vingapi. Kalolaine alidhani anataniwa. Hakuona mkono wowote.

Damu yake ikapelekwa Nyuzilandi, kichwa kikapigwa picha. Walingoja wiki mbili kwa jamaa mmoja wa Lesieli, wakilala mkeka mmoja, wakizungumza juu ya samaki na mvua. Majibu yaliporudi, daktari aliwakalisha wote wawili.

"Chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama punje ya kunde," alisema. "Mama anapojifungua, hiyo ndiyo inayoyaamrisha matiti kwa homoni yake: toeni maziwa. Yako imeota uvimbe, dada. Inaamrisha tu, mtoto awepo asiwepo. Na uvimbe wenyewe umekua mpaka unabana mishipa ya macho."

Lesieli aliuliza kama ni saratani. Si saratani, aliambiwa. Kuna vidonge, viwili kwa wiki, na kwa watu wengi uvimbe husinyaa bila kisu. Kisha daktari akaongeza kwamba homoni hiyo ikizidi, hufunga hedhi na hufunga uzazi pia.

"Tangu lini?" Kalolaine aliuliza.

"Pengine miaka kadhaa."

Lesieli alitazama sakafu. Alipoinua uso, swali lake lilikuwa moja. "Kwa hiyo hakuna kosa alilotenda?"

"Tezi haizini, mama," daktari alijibu.

Waliporudi kisiwani, Lesieli aliyarudia maneno hayo kanisani baada ya ibada, mbele yetu sote, akimtazama kila mmoja kwa zamu yake. Jioni hiyo tulipeleka vyakula kwa Kalolaine hata pakakosekana mahali pa kuviweka. Alivipokea, akashukuru. Nilitamani atutukane.

Tulidhani amefurahi. Mwenyewe hakujua amekuwaje. Vidonge vilimtia kizunguzungu na kichefuchefu, na wanawake wasiojua habari ya vidonge wakaanza tena kuchekelea kisirisiri, wakidhani ni mimba. Pembe za dunia zilimrudia kidogo kidogo. Asubuhi moja aliona mshelisheli wa jirani bila kugeuza shingo, akacheka peke yake. Wiki iyo hiyo, akioga, alijikamua titi kama alivyozoea kila siku kwa kulichukia, na halikutoa hata tone. Akaketi chini bafuni akalia. Aliniambia hivi: yale maziwa yalimvunjia heshima, yalimtia wazimu, yalikuwa uongo mtupu, lakini katika miaka minne ni hayo tu yaliyowahi kumwita mama. Nikamwuliza kama angetaka yarudi. Akasema hapana. Halafu akasema hajui.

Siosaia alirudi Desemba, mweusi kwa jua, na mabegi matatu. Hedhi ya mkewe ilikuwa imerudi mwezi uliotangulia. Waliketi kizingitini, wageni walipokwisha kuondoka, naye akamwambia kwamba Lesieli alimsimulia yote kwenye simu, tangu mwanzo hadi mwisho, wala yeye hakumshuku mkewe hata siku moja. Alikuwa ameibeba sentensi hiyo kutoka ng'ambo. Ilionekana alivyoitua kwa uangalifu.

"Mimi nilijishuku," Kalolaine alisema.

Siosaia alimtazama kama mtu aliyewekewa kichanga mikononi kwa mara ya kwanza, hajui ashike kwanza shingo au mgongo.