Kitabu Kilekile kwa Mfumo Mpya

Theresia alisikia kinyaa, kile cha kukuta unywele kwenye wali. Watu wazima, manesi wa zahanati za pwani ya kusini, wamesimama katikati ya ukumbi mjini Lindi wanakata viuno kwa amri ya bosi wake. "Changamsheni genge!" Boniface anapayuka jukwaani. "Jipeni makofi ya kilo!" Na watu wanapiga, maana wafanyeje?

Kampuni ya Boniface ilipewa kazi ya kufundisha zahanati kuagiza dawa kwa kishikwambi. Kazi njema, ila mfumo wenyewe hautulii. Kila baada ya wiki chache unabadilishwa: kitufe cha juu kinahamia chini, neno ulilolizoea hulioni. Kitabu cha mafunzo, hicho hakibadiliki ng'o. Picha zake ni za mwaka juzi, na Boniface, ili zisisahaulike, akazitungia wimbo: andika dawa, andika idadi, gusa kijani, mzigo njiani. Watu wanaimba kama watoto wa chekechea, wanarudi makwao na wimbo kichwani, skrini hawaisomi.

Asubuhi ile Theresia, ambaye ndiye mwalimu, alifungua kishikwambi chake akakuta mambo yamebadilika tena. Zamani ukiandika ishirini yanakuja maboksi ishirini. Sasa ishirini ni vidonge. Akamfuata Boniface kwenye chai.

"Bosi, tusimamishe kwanza. Tukifundisha hivi, watu watakosa dawa."

"Theresia, usinitie nuksi." Mdomo umejaa sambusa. "Vitabu vimeshachapwa, mgeni rasmi yuko getini. Wafundishe, wataelewa mbele ya safari."

Mafuta yalimchuruzika kidevuni, akayafuta kwa cheti cha mshiriki. Theresia akageuza uso pembeni. Kisha, na hili ndilo lililomchefua kuliko yote, akapanda jukwaani akafundisha. Akaimbisha.

Aliyeitikia kwa sauti kuliko wenzake ni Mwanaasha, mama wa makamo, nesi wa zahanati ya kijiji kimoja ndani ndani huko, ukishaiacha Kiswere. Mwisho wa semina alikuja kumshika Theresia mkono kwa mikono yote miwili.

"Mwalimu, Mungu akubariki. Hii mashine nilikuwa naiogopa."

Theresia akatabasamu. Khaa! Eti akatabasamu!

Mwezi uliofuata mvua zilikuwa zimeshika, mbu wamejaa, naye akatumwa kukagua zahanati. Kwa Mwanaasha alikuta ua umefurika watu, na hawakuja kutibiwa. Nesi amekaa kwenye benchi, macho mekundu. Mbele yake amesimama Hasani, mwenyekiti wa kijiji, kashika boksi tupu la dawa mseto ya malaria.

"Siku zote zinakuja boksi ishirini," Hasani alisema. "Leo kijiji kizima kina homa, nesi anatuambia vimekuja vidonge ishirini na vimekwisha. Vidonge! Hebu tuambie, Mwanaasha, umeziuza duka gani?"

"Wallahi sijauza hata kimoja! Niliagiza kama nilivyofundishwa."

"Mwizi mkubwa wewe!" Huyo ni Bi Salima, mjukuu yuko mgongoni, kichwa kimemlalia upande kwa homa. Akatema mate miguuni pa nesi.

Mwanaasha alipomwona Theresia, uso ukamchanua. "Alhamdulillahi! Mwalimu wangu huyo hapo. Muulizeni!"

Theresia akajitenga nyuma ya tangi la maji, akampigia Boniface.

"Andika kwenye ripoti kwamba huyo nesi ni mzito wa kuelewa," Boniface alisema. "Wamsimamishe, tutamwita semina ijayo. Na ukithubutu kututaja sisi, kazi huna." Nyuma yake ukumbi mwingine ulikuwa unaimba wimbo uleule.

Theresia akakata simu. Akarudi uani, akasimama kati ya benchi na watu.

"Dada Mwanaasha si mwizi. Mfumo ulibadilika. Aliandika ishirini akijua ni maboksi, ukamletea vidonge. Amekosea kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha kukosea. Asubuhi ya semina nilijua kitabu kimepitwa na wakati, nikakifundisha hivyohivyo."

Hasani akaliweka boksi dirishani. Bi Salima akamwinamia nesi, "Nisamehe, mwanangu, homa ya huyu mtoto imenitoa akili." Theresia akashusha pumzi. Kazi imekwenda, basi na iende. Jina la mwenzake limesafika. Akamnyooshea Mwanaasha mkono.

Mwanaasha hakuupokea. Alijifuta uso kwa mtandio, akamtazama mwalimu wake kama mtu anayetazama kitu alichokikanyaga njiani.

"Kumbe ulijua," akasema.

Akamfungua mtoto mgongoni mwa Bi Salima, akaingia naye ndani kumkanda kwa maji, maana dawa hakuna.