Nati za Bruna

Mke mwenza wangu ana magurudumu mawili. Kila asubuhi Nello, mume wangu, anamfuta kwa kitambaa laini, na mimi magoti yananiuma wala haulizi. Ni baiskeli ya mashindano ya mwaka 1937, na kila kipuri lazima kiwe cha enzi hizo, la sivyo wakaguzi wa mbio za baiskeli za kale wataikataa.

Zilibaki kupatikana nati mbili tu zenye masikio, za kufungia gurudumu la nyuma. Baiskeli hizo, ukifika mlimani unashuka, unalegeza nati kwa vidole na kuligeuza gurudumu, maana upande wa pili lina gia nyepesi, ndipo uupande. Anazo Bruna, mjane wa fundi baiskeli kule Siena, yule yule aliyekuwa akicheza dansi na Nello kabla hajanioa.

Nello alikwenda, akarudi na nati moja.

"Ya pili bado anaitafuta," akasema.

Jumanne akaenda tena. Alhamisi akaenda tena, kajipulizia manukato.

"Kwani hiyo nati ina pua?" nikamuuliza.

"Acha wivu, Argia. Nati moja haifungi gurudumu."

Leo nimepanda basi nikaenda mwenyewe. Bruna kafungua mlango, midomo imekolea rangi.

"Nipe hiyo nati ya pili," nikamwambia, "mume wangu apumzike na safari."

Akanitazama kwa mshangao.

"Nati gani tena, dada? Nilimpa zote mbili siku ile ya kwanza."