Mama Hakuanguka

Daktari alikuwa amekwishapiga alama tatu za kalamu karibu na bega la mama, na mahali pa ya nne alikuwa anapatafuta kwa kidole. Binti aliuegemeza mkono uliovunjika juu ya mto, akibana pumzi. Uvimbe ulikuwa umeiva rangi ya biringani.

"Ulisema ulianguka ngazi ngapi vile?" daktari aliuliza.

"Sita," mama akawahi. "Nimezihesabu kwa mgongo, mwanangu."

Muuguzi akacheka. Binti hakucheka. Hapakuwa na ngazi. Jana asubuhi mama alitaka kuinuka kwenye kiti kifupi cha jikoni. Binti, mbio mbio awahi kazini, akamshika mkono akamvuta. Mkono ukalia ka!, kama kijiti kikavu. Ngazi alizitunga mama mwenyewe ndani ya teksi, jasho likimtiririka. "Kaka yako akijua atakutafuna mzima mzima. Mimi nimeanguka. Basi."

Na huyo kaka alikuwapo, kasimama miguuni pa kitanda, mikono nyuma kama mkaguzi. Tangu mama ahamie kwa binti, kila akija ana neno: mara chai ya baridi, mara mto mgumu.

Daktari aliinua picha ya mfupa dirishani. "Kwa ngazi sita hata kijana angevunjika. Chuma cha kawaida cha kuunga mfupa kitatosha, tunaingia upasuaji saa nane." Akaisogeza picha karibu. "Ila kivuli cha mfupa ni chepesi. Sijui ni mashine yetu, maana nayo imechoka."

"Na kama si mashine?" binti aliuliza.

"Basi mfupa wenyewe umedhoofika, na skrubu zitazunguka tu bila kung'ata, kama msumari kwenye mkate. Baada ya wiki mbili chuma kinang'oka, tunafungua upya. Hapo mkono huenda usifike tena kichwani."

Binti alizitazama nywele za mama. Mama hajawahi kumwachia mtu nywele zake, huzisuka mwenyewe.

"Daktari, hakuanguka."

"We mtoto, nyamaza!" mama alisema.

"Nilimvuta. Wala si kwa nguvu."

Daktari akamnyooshea mkono wake. "Nivute mimi, kama ulivyomvuta."

Binti akamvuta.

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu."

Daktari akafunika kalamu. "Dada, umenisaidia. Mfupa mzima hauvunjiki kwa kuvutwa hivyo," alisema, kisha akamgeukia muuguzi. "Waambie chumba cha upasuaji wasitungoje leo. Nataka chuma kile ambacho skrubu zake zinajifunga kwenye chuma chenyewe, kisiutegemee mfupa peke yake. Hapa hatuna. Ngoja nikiombe kwa wenzetu, labda kesho."

"Kumbe mfungo wa upasuaji umeisha, leo nitakula!" mama alisema, daktari akitoka.

"Kumbe ni wewe," kaka alimwambia binti.

"Mwache," mama alimkata. "Wewe tangu mwaka uanze hata kunishika hujanishika."

Kaka akageukia dirisha.

Muuguzi alitaka mama asogezwe juu kidogo. Mikono ya binti ikagoma hewani.

"Pitisha chini ya mgongo. Polepole," muuguzi alimwelekeza.

Akaipitisha, akasikiliza kama kuna kitu kitalia. Hakikulia. Kutoka ukumbini ikaja sauti ya daktari kwenye simu: "Chuma chenye matundu manane... Huna uhakika? Basi niangalizie, niko hapa hapa."